Tangawizi Jukwaani

Shangazi yangu alishuka kwenye basi la kutoka Same akiwa na begi dogo la nguo na kiroba cha tangawizi kilicholizidi begi uzito. Nilimwamkia mara tatu. Ya tatu niliipigia kelele mpaka kondakta akageuka, ndipo shangazi akaitika, "Marahaba, baba! Mbona unanong'ona?"

Nikajua hali ni mbaya kuliko tulivyosimuliwa. Kule kwake milimani alikuwa akipandisha sauti ya redio mwaka hadi mwaka, mpaka jirani wa ng'ambo ya korongo akaacha kununua betri za redio yake mwenyewe. Ndiyo sababu tulimwita Dar es Salaam, apimwe masikio. Daktari alituambia yataendelea kupungua nguvu. Kifaa cha kuvaa kitamsaidia kwenye mazungumzo, lakini kwa muziki hakuthubutu kuahidi. Nilimrudia shangazi maneno hayo sikioni, polepole. Akatikisa kichwa, akafunga vizuri kitambaa chake.

"Basi kabla hayajaziba," akasema, "nipeleke nikaone bendi. Tangu msichana nasikiliza dansi kwenye redio. Sijawahi kukaa mbele ya gitaa hata siku moja."

Nilikubali huku roho ikiniuma. Niliogopa kumpeleka akatazame tu watu wakichezesha midomo.

Jumamosi tulianza na mpira, maana mimi nina ushabiki wangu na sikutaka kukosa mechi ya watani wa jadi. Sijawahi kufurahi uwanjani kama siku ile. Pale kila mtu ni kiziwi. Hakuna anayemsikia jirani yake na hakuna anayejali. Shangazi alimgombeza refa kwa Kipare kipindi chote cha pili, na goli lilipoingia akakumbatiana na wanaume asiowajua. Baadaye tulikula mishkaki na ndizi za kuchoma kando ya barabara, pilipili ikimtoa machozi. Alisifia nyama, kisha akauliza kama mji wote huu hakuna mtu anayepika makande, mahindi na maharage kama ya kwao.

"Mama ni Mpare huyu!" mchoma mishkaki akacheka.

"Na wewe ni Mchaga," akajibiwa papo hapo. "Ndiyo maana nyama yako inakatwa kwa wembe."

Sijui alisikiaje. Wapare na Wachaga ni watani, na nadhani mdomo wa mtani husomeka wenyewe.

Jumapili alasiri tukaenda kwenye bonanza, katika baa moja ya wazi yenye viti vya plastiki na moshi wa nyama choma. Bendi ilikuwa kamili: magitaa, tumba, tarumbeta, wanenguaji. Shangazi alivaa gauni lake la ibada, na kiroba cha tangawizi alikataa kabisa kukiacha nyumbani. Alisema haendi ugenini mikono mitupu.

Bendi ilipoanza, mimi sikuitazama. Nilimtazama yeye. Alikuwa anatabasamu, lakini lile tabasamu la adabu analolivaa mahubiri yakiwa marefu. Miguu yake ilitulia tuli. Nikajua hasikii kitu cha maana, anajikaza kwa ajili yangu tu. Nilitamani kulia.

Watu wakaanza kwenda mbele kuwatunza wanamuziki kwa noti. Shangazi alipoona hivyo akainuka na kiroba chake, akaenda moja kwa moja hadi jukwaani, akakiweka miguuni pa mwimbaji na kupiga goti, kama tunavyotoa mavuno kanisani kwetu. Bendi ikapunguza mwendo. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mwimbaji akatoa tangawizi moja nene, akainusa, akaiinua juu na kutangaza kwenye maiki: "Jamani, tangawizi ya mlimani hii! Nani anataka?"

Shangazi hakusikia hata neno. Lakini mavuno yakiinuliwa juu mbele ya watu, hahitaji kuambiwa. Kwetu, baada ya ibada, vitu vilivyotolewa hunadiwa uwanjani, na mnadishaji wa miaka yote ni yeye. Akamnyang'anya mwimbaji maiki.

"Haya, wewe wa shati jekundu! Mkono unashuka kwa nini, unamwogopa mkeo?"

Baa ikalipuka. Mikono ikainuka kila upande, naye akaisoma yote, akimchokoza huyu, akimpandisha yule, mpiga tumba akimpigia kila bei ilipoongezeka. Yule wa shati jekundu aliishia kukumbatia tangawizi ambayo nina hakika hajui aifanyie nini. Kiroba kilipokwisha, shangazi akawakabidhi bendi kila kilichopatikana.

Mwimbaji akamwinamia na kumwuliza kwa ishara naye apewe nini. Akanyoosha kidole kwenye spika kubwa ya besi.

Wakamwekea kiti kando ya spika hiyo, wakapiga. Shangazi akaweka kiganja kwenye ubao wa spika, kisha shavu, akafumba macho. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu kisigino cha kiatu chake cha ibada kikaanza kugonga sakafu, polepole, sawasawa na besi. Mabega yakafuata. Sikuamini. Nikamkimbilia, nikainama sikioni mwake, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Shangazi! Unasikia?"

Akanisukuma uso kwa kiganja bila kufumbua macho.

"Toka hapa, baba, unanipigia kelele. Nasikiliza muziki."