Kasuku Mweusi Juu ya Kitanda

Mwanangu anabandika karatasi kwa uji wa unga, kazi ya shule, na harufu ile ya uchachu imenirudisha utotoni.

Kwetu Kiomboi tulipamba kuta kwa uji huohuo. Nilikuwa nimeokota jalalani ukurasa wa kitabu cha zamani cha ndege, picha iliyochorwa kwa mkono, unyoya kwa unyoya: ndege mweusi mwenye kishungi, mkiani ana rangi nyekundu. Nikaubandika juu ya kitanda nilicholala na dada.

Bibi alikuja kumwona mdogo wetu wa wiki mbili. Tukamwamkia shikamoo. Hakuitikia, macho yake yalikuwa ukutani.

"Nani kaleta hondohondo humu ndani? Ndege wa msiba, kwenye nyumba yenye kichanga?"

Mimi nilirudi nyuma ya dada.

"Bibi, huyo ni kasuku," dada alisema.

"Kasuku mweusi? Umemwona wapi wewe?"

Siku ya tatu mtoto alishikwa na homa. Ya tano tukamzika. Kwa kuwa dada ndiye aliyejibu, dada ndiye aliyeambiwa aubandue ukurasa ule. Uji ulikuwa umekauka. Alikwangua kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu, mama akimtazama. Mimi nilimshikia kopo la maji.

Ukubwani nimejua kwamba yule ni kasuku kweli, wa Australia huko.

Mpaka leo, ukimpa dada kichanga ampakate, anaficha mikono nyuma.