Alasiri ya Wakwe Wawili

Tangu atoke jeshini, Obura alikuwa mtu wa reli. Yeye na genge lake walikuwa wakibadilisha mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, huko juu Mau Summit ambako baridi humtoa mtu mzima machozi. Mkewe Adero alikaa Nakuru, katika chumba kimoja cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, naye Obura alishuka kumwona kila alipopewa ruhusa. Miaka saba walikaa bila mtoto. Watu walisema yao, na Obura akajifanya kiziwi, lakini yalimuuma.

Basi Alhamisi moja habari zikamfikia kwamba Adero amejifungua mtoto wa kike. Nyapara, ambaye hakuwa na sifa ya huruma, alimruhusu ashuke Jumamosi na arudi jioni ile ile na gari la mizigo. Kwa Obura ilitosha. Hakutaka zaidi ya kumpakata binti yake, hata kama ni kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Alipofika mlangoni kwake mchana, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, alisikia sauti ndani ikimbembeleza mtoto kwa Kijaluo. Haikuwa sauti ya Adero. Mama mkwe alikuwa amepanda gari kutoka Kisumu kuja kumtazama mzazi, na Obura hakuwa na habari. Akauondoa mkono kama aliyeungua. Kwao mtu hamkabili mama mkwe uso kwa uso, sembuse ndani ya chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Na mtoto mchanga naye hatolewi nje kabla siku zake hazijatimia.

Jirani yake, Namalwa, alikuwa akifua penye mfereji.

"Shemeji, mbona umesimama hapo kama askari wa zamu?"

"Mama yuko ndani," Obura alinong'ona. "Mwambie Adero nimekuja. Lakini mama asisumbuke. Mimi nitazunguka mjini kidogo."

Kidogo! Roho yake ilikuwa imebaki mlangoni.

Kwenye geti akakutana na Kipketer, rafiki yake wa Olenguruone. Hawa wawili walipika chai ya jeshi pamoja kule Burma, na urafiki uliopita moshi ule haukuvunjika. Kipketer alikuwa ameshuka na lori la pareto, lori lingerudi jioni, na kwa miaka mingi alikuwa ameahidiwa kuonyeshwa mji.

"Leo unanionyesha Nakuru yote," alisema. "Na gari la moshi nataka nilishike na mkono hii yangu."

Wakaenda. Kipketer alitazama kila kitu. Alisimama mbele ya kioo cha fundi cherehani akajisalimia. Alihesabu ghorofa. Aliuliza ni nani anayelala juu kabisa na kama haogopi. Obura alijibu ndiyo na hapana bila mpango, na Kipketer, ambaye si mjinga, akamuuliza ana nini. Obura akamweleza.

"Pole, ndugu," Kipketer alisema, na uso wake ukabadilika. Kwao pia mtu akimwona mama mkwe njiani huingia porini.

Hawakwenda mbali. Walipokata kona ya maduka ya Wahindi, Obura alimwona Namalwa akija, na kando yake mama mkwe, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Aliruka ndani ya duka la karibu, akachutama nyuma ya mafungu ya magodoro. Kipketer akaziba mlango kwa koti lake kuukuu la jeshi, akilitanua kama anayelianika, mpaka wanawake wale walipopita. Mwenye duka alidhani amepata mteja.

"Sasa si uende nyumbani?" Kipketer aliuliza. "Yeye yuko huku."

"Ametoka kununua sabuni tu. Atarudi sasa hivi, anikute mle ndani. Ile nyumba ina mlango moja, Kipketer. Nitatokea wapi?"

Kwa hiyo waliendelea kuzunguka, jua likashuka, na Obura akaanza kumchukia mama wa watu bure. Mwishowe wakaingia stesheni. Kipketer alilishika gari la moshi, akaunguza kidole, akafurahi sana. Obura hakuweza hata kucheka. Gari la mizigo lilikuwa limeshaanza kuunganishwa.

Kisha akawaona tena. Namalwa na mama yule walikuwa kwenye benchi, mama amevua viatu, miguu imefura. Obura akajitupa nyuma ya magunia ya mahindi.

"Wewe mwenye koti," mama aliita bila kugeuka. "Kuja hapa."

Kipketer alisogea.

"Mwambie huyo mtu wa nyuma ya magunia, mimi nilitoka tu Namalwa aliposema amekuja. Nilitoka aingie amwone mtoto. Nimetembea mji mzima, mimi mzee, naangalia maduka sitaki kununua kitu. Kumbe yeye pia anatembea?"

Nyuma ya magunia, Obura alijishika kichwa.

"Mwambie mimi nakaa hapa. Sitainuka kwa hii benchi mpaka gari yake iende."

Obura hakungoja kuambiwa. Alikimbia, akavuka njia za reli, akaingia kwake bila kubisha.

"Ulikuwa wapi?" Adero aliuliza, macho yamemwiva. "Mchana wote nakungoja."

Obura alinyoosha mikono. Alimpokea mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nyundo yake, mwenye ngumi zilizokunjwa, na Obura, aliyeziba masikio miaka saba, akalia kwa sauti. Walikaa hivyo mpaka king'ora kilipolia.

Alilidaka gari likiwa linaondoka. Lilipopita stesheni, mama mkwe alikuwa pale pale, ameipa reli mgongo kama inavyotakiwa. Kipketer alisimama kando yake.

"Umemwona?" Kipketer alipiga kelele.

"Nimemwona!" Obura alimjibu Kipketer, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mgongo. "Amenikojolea shati yote!"

Mabega ya mama yakatikisika kwa kicheko. Hakugeuka. Obura akavua kofia, akaishika kifuani mpaka benchi lilipopotea machoni.