Uzembe Mara Tisa

Kadi yake ya kazi ilikuwa na maneno mengi kuliko nafasi: mshauri wa uanamaji, wa uongozaji wa vyombo na wa usalama wa bahari. Mwenyewe husema aliziandika kazi tatu kwa sababu hakuna hata moja iliyoweza kumjazia wiki. Jumatatu aliwafundisha wenye nafasi zao kukunja matanga. Jumatano alisahihisha ramani za kina cha maji. Ijumaa aliwaeleza walinzi wa bandari namna ya kumzuia adui ambaye yeye hajapata kumwona.

Ijumaa moja aliongoza zoezi ndani ya boti ya doria. Nahodha wake alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mshauri aliamuru vifaa vyote vya setilaiti vizimwe, kana kwamba adui amevivuruga, ili boti iende kwa dira peke yake. Kisha akasimama kando ya usukani, akapaza amri kwa kipaza sauti cha mkononi mpaka koo likamkauka. Baada ya nusu saa boti ilipanda fungu la mchanga, ikatulia kama kuku anayeatamia.

"Mwalimu, nimefuata dira!" nahodha alisema.

"Dira haisemi uongo, binti yangu," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesubiri kunukuliwa.

Kamati ya bandari, kwa kukosa mtaalamu mwingine, ilimkabidhi yeye kazi ya kuandika ripoti. Kosa likithibitika kuwa la nahodha, cheti chake kingesimamishwa miaka miwili na boti angepewa mwingine. Mshauri aliandika kurasa kumi na nne. Neno "uzembe" alilitumia mara tisa, na mara ya tisa akalipigia mstari.

Asubuhi ya kuiwasilisha, aliipitia sebuleni, dira yake ya mezani ikizuia karatasi zisipeperuke. Mkewe, aliyekuwa akifuta vumbi, alikitoa kipaza sauti juu ya kiti na kukiweka mezani.

"Mume wangu, kidude chako hiki kinaheshimiwa kweli. Hebu ona sindano inavyokigeukia."

Mshauri alikisogeza mbali, sindano ikarudi. Akakileta karibu, ikageuka tena. Kwamba ndani ya kipaza sauti mna sumaku, alilifundisha jambo hilo miaka ishirini. Na siku ile, kila alipomaliza kufoka, alikitua wapi? Kwenye ubao wa usukani, shubiri moja kutoka kwenye dira. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amemtia mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe.

"Unatafuta nini?" mkewe aliuliza.

"Namtafuta wa kulaumiwa."

"Umempata?"

"Tumekalia kiti kimoja."

"Basi mwahishe kwenye kamati kabla hajabadili nia."

Hakukosea. Njiani mumewe alikuwa ameshalifikiria neno "mazingira," neno pana, lenye uwezo wa kubeba dhambi za watu wengi bila kulalamika. Alilichukua hadi mlangoni, akaliacha hapo.

"Aliyezima setilaiti ni mimi," aliiambia kamati. "Aliyeipotosha dira ni mimi. Na aliyeandika 'uzembe' mara tisa ni mimi. Neno liko sahihi; nilikosea mtu tu."

Nahodha, aliyeitwa kuisikiliza ripoti, alimgeukia. "Kumbe, Mwalimu, adui tuliyekuwa tukimsaka nilimpakia mwenyewe, tena nikampa jaketi la kuokolea."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Nahodha alibaki na cheti chake na boti yake. Mshauri alizuiwa kuongoza mazoezi mpaka arudie somo la dira chuoni, pamoja na wanafunzi wapya.

Alikwenda, akakaa safu ya nyuma. Kitabu cha somo kilikuwa kile alichokitunga mwenyewe. Kufikia ukurasa wa sita, anakiri, alinyoosha mkono na kuomba aelezwe mwandishi alikusudia kusema nini.