Tundu la Kifaru na Mlango wa Jiko

"Kifaru kina mlango wa chuma unene wa kiganja, halafu mimi jiko langu la nyumbani nalifunga kwa gunia! Paka wa mtaa mzima wanaijua sufuria yangu kuliko wewe!"

Mpishi wa kantini ya kiwanda alimtupia mumewe maneno hayo mbele ya foleni ya wafanyakazi wenye njaa, mwiko mkononi. Mume, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinamia sahani kama mtu aliyeangusha kitu ndani ya maharage.

"Mama watoto, taratibu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Huo mlango uliniahidi mwanao hajaota jino. Sasa ana ndevu."

Foleni ikaangua kicheko. Mpishi hakucheka. Mlango ule kwake ulikuwa deni, na alikwisha kuapa atalidai mpaka alipwe.

Kilichomchelewesha fundi ni kifaru chenyewe. Wakubwa wa nchi walitaka kifaru cha vita kizito kuliko vya majirani wote. Ilipofika zamu ya kupima chumba cha dereva, injinia mkuu hakutaka kuhangaika. Alimwita mtu aliyekuwa karibu, akamkalisha juu ya ndoo, akachora vyuma kumzunguka. Aliyekuwa karibu ndiye huyo fundi, mfupi, mwembamba kama ufito.

"Kaa sawa, Kipimo," injinia akamwambia, na jina likamganda.

Kifaru kikaundwa, askari wakaletwa kukijaribu. Wa kwanza alikwama mabega. Wa pili aliingia, lakini magoti yakamziba macho. Walikuwa wamechaguliwa kwa urefu, wapendeze kwenye gwaride. Kukibomoa ilikuwa aibu, maana picha zilikwisha kwenda kwa wakubwa. Basi Kipimo akafundishwa kuendesha, akavishwa kofia ngumu, akatumwa kwenye majaribio. Matopeni kifaru kilizama hadi tumboni. Mlimani kilichemka kama birika. Darajani walikizuia kabla nchi haijapoteza vyote viwili. Kila kikirudi kinarekebishwa, na Kipimo anatumbukia tena, nyumbani anakuja kulala na kujisifu tu.

"Bila mimi nchi haina ulinzi."

"Bila wewe jiko langu halina mlango."

Mpishi akamwendea injinia. "Shemeji, vumilia," injinia akasema, tai yake ikizama kwenye mchuzi. "Hakuna mwingine anayeenea mle ndani."

Mpishi alirudi jikoni polepole. Hakuna mwingine anayeenea. Na huyu je, akiacha kuenea?

Tangu siku hiyo hakugomba tena. Mume mwenye akili angeogopa, Kipimo akafurahi. Asubuhi uji wa maziwa na siagi. Mchana mwiko ulizama hadi chini ya sufuria, penye minofu. Jioni viazi vya kukaanga.

"Kula, baba watoto. Mlinzi wa nchi hali kama kuku."

Kipimo akala. Mashavu yakajaa, mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha ukaachwa, akafunga kamba.

Ikawadia siku ya jenerali kuja kukikagua kifaru. Tarumbeta zikalia. Kipimo akapanda kwa madaha, akaingiza miguu. Makalio yaliingia kwa kubembelezwa. Tumbo likagoma. Akavuta pumzi, akashuka kidogo. Akaitoa, akakwama kama kizibo. Chini haendi, juu harudi.

"Huyo naye ni sehemu ya silaha?" jenerali akauliza.

"Leteni mafuta!" injinia akapiga kelele.

"Ya injini?"

"Ya kula, mpumbavu wewe!"

Mpishi akaja na dumu, bila haraka. Akapanda juu ya kifaru, akamwinamia mumewe.

"Kumbe ni wewe," Kipimo akanong'ona, macho yamemtoka. "Vile viazi vyote..."

"Mlango wangu."

"Nitoe kwanza!"

"Ahidi kwanza. Kwa sauti, jenerali asikie."

"Naahidi!" Kipimo akapaza sauti. "Nitatimiza, hata nikifa!"

Jenerali alidhani ni kiapo cha jeshi. Akampigia saluti.

Mafuta yakamiminwa, wanaume wakavuta, Kipimo akatoka. Shati lilibaki ndani.

Tundu likapanuliwa, kiti kikashushwa, na vifaru vilivyofuata vikawaingiza hao askari warefu. Vilipelekwa mpakani, kando ya mto, vikakaa miaka vikitazamana na ng'ombe wa jirani. Kuuvuka mto havikuweza, na wa ng'ambo kwa kuviona tu hawakuthubutu. Siku vilipoondoka kiwandani, mpishi alimwona mumewe amesimama getini, kofia ngumu mkononi, akivitazama hadi vumbi likatua. Moyo ukamchoma. Jioni ile hakuutaja mlango.

Kipimo aliutengeneza mwenyewe bila kusukumwa. Ulikuja juu ya mkokoteni, wanaume wanne wakihema, maana alikwisha kusahau kutengeneza kitu chepesi. Ukafungwa. Mpishi akausukuma kwa mkono: kimya. Kwa bega: kimya. Akaupa nyonga, ukafunguka ukiguna.

Akauzunguka, akaukagua.

"Hauna rangi."

"Rangi nitaleta wiki ijayo," Kipimo akasema, akitazama pembeni.

Wiki ijayo ya mume wake aliijua vizuri. Akamtazama, jasho linamtiririka, kiganja chake bado kimekaa juu ya kile chuma.

"Rangi nimekusamehe," akasema. "Ingia ule."