Spoku Ishirini na Tisa za Kalaba

Si kweli kwamba Kalaba alikuwa mlevi. Wala si kweli kwamba gurudumu lililofumuka kwenye barabara ya Chienge lilifumuka kwa sababu ya mkono wake. Waliolianzisha neno hilo sokoni Kashikishi hawakumjua. Kalaba hata munkoyo, togwa ya mizizi, alikunywa Jumapili tu, baada ya ibada, tena kikombe kimoja.

Mjane wake, mwalimu Matildah Mwiche, aliyapata maneno hayo Jumatatu asubuhi, akiwa anachagua chisense, dagaa wa ziwani, kwenye meza za samaki. Davison, muuza nyavu, alikuwa akiwasimulia wenzake kwa sauti ya kutangaza mnada.

"Marehemu alijenga magurudumu na chupa mkononi. Na sasa mwalimu anakaza spoku kwa chaki!"

Watu wakacheka. Matildah aliweka kipimo cha chisense mezani, akageuka.

"Chaki ni kweli," alisema. "Chupa ni uongo. Boyd yuko wapi?"

Boyd ndiye aliyekuwa mwenye pikipiki iliyofumuka gurudumu. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa la mwisho Kalaba kulijenga kabla ya kulala kitandani asiamke tena, miaka mitatu iliyopita. Kama kweli lilikuwa bovu, basi miaka ishirini ya kazi yake ingekumbukwa kwa ubovu huo mmoja, na jina ambalo Lombe, binti yao, analiandika kwenye madaftari yake lingekuwa jina la kuchekewa.

"Alete gurudumu hapa," Matildah alisema. "Leo. Mbele ya hawa hawa."

Matildah alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili. Ufundi wa magurudumu, aliouendeleza baada ya mumewe kufa, aliupata nyumbani. Kalaba, aliyeongoza kwaya kanisani, alilijaribu kila gurudumu kwa masikio: aligonga spoku moja moja kwa spana ndogo, na zote za upande mmoja zilipaswa kuimba sauti moja. Iliyolegea hutoa mlio mzito, kama mtu anayegonga mlango wa mbao. Kisha huzungusha gurudumu taratibu, chaki iliyotoka kwenye boksi la mkewe ikiwa karibu na ringi. Chaki ikigusa mahali pamoja tu, hapo pamepinda. Hulegeza upande huu kidogo, hukaza ule kidogo, robo ya mzunguko, hana haraka. Mkewe alikaa pembeni akisahihisha madaftari, na baada ya miaka kadhaa ndiye aliyekuwa akisema bila kuinua kichwa, "Hiyo ya tano bado." Naye Kalaba hucheka, akairudia ya tano.

Boyd akaja na gurudumu begani. Nyuma yake alifuata Pierrette, mchuuzi wa kutoka Mantapala, makazi ya wakimbizi wa Kongo, mkono umefungwa kwa kitenge. Yeye na kitunga chake cha samaki wa chumvi ndio waliomwagika barabarani.

Matildah akalichomeka gurudumu kwenye uma wa pikipiki uliopigiliwa kwenye gogo, stendi ya mumewe iliyobaki palepale sokoni. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama darasani. Thelathini na sita zilipaswa kuwepo. Ishirini na tisa zilikuwa mahali pake, na hakuna hata moja iliyokatika. Saba zilikuwa zimechomoka, zote za upande wa kushoto. Akafungua moja nzima ya upande huohuo, akaiweka kando ya iliyochomoka.

"Davison, wewe una macho. Shika hii, na hii. Zinalingana?"

Davison akazipima. Ile iliyochomoka ilikuwa fupi kwa upana wa kucha.

"Fupi," alikubali.

"Ilishika hesi mbili tu za nati yake. Kalaba hakukata spoku fupi hata siku moja. Boyd, nani alikuwekea hizi saba?"

Boyd alitazama miguu yake. "Mayo, mama yangu, za zamani zililiwa na kutu. Maji ya samaki yanadondoka kushoto, kulia kuna ekzosi."

"Kalaba alikwambia nini kuhusu maji ya samaki?"

"Kuosha kila jioni, kukausha, kupaka oili."

"Na ukaosha?"

Boyd akakwangua kutu kwenye ringi kwa ukucha.

"Na zilipoliwa, kwa nini hukuja kwangu?"

"Niliona haya, mayo. Kupeleka pikipiki kwa mwanamke. Wenzangu wangenicheka."

Pierrette akajipiga kofi pajani kwa mkono wake mzima. "Weye Boyd! Uliogopa kuchekwa, njo unamwanga miye na samaki yangu mu barabara! Leo bantu banacheka nani?"

Soko zima likacheka, na safari hii hapakuwa na jina la Kalaba ndani ya kicheko.

Matildah alifanya kazi hadi mchana. Alilegeza spoku zote, akanyoosha ringi, akatia saba mpya za urefu halali, akakaza robo kwa robo kwa kuzunguka. Mwisho akashika chaki na kusukuma gurudumu. Chaki ikaacha mstari mwembamba duara nzima, bila kuruka. Akagonga spoku za kushoto, kisha za kulia, kila upande ukaimba sauti moja, na hata Davison akainama kusikiliza.

"Rudi baada ya wiki moja nizikaze tena," alimwambia Boyd. "Spoku mpya hujilegeza zikizoea mzigo. Na usione haya."

"Ndiyo, mayo."

"Sasa mama, sema," Pierrette akasogea. "Nani alitia zile fupi? Boyd anaogopa kusema. Weye unajua, naona mu macho yako."

Matildah alijua. Nati zile saba zilikuwa zimetafunwa na koleo lenye jino moja lililovunjika, na koleo hilo lilitoka nyumbani kwake siku ya kugawa vitu vya marehemu. Aliyelichukua alilia kaburini kuliko wote.

Alizifunga spoku fupi ndani ya kitambaa, akazitia mfukoni.

"Nimekuja kumsafisha Kalaba," alisema, "naye ni safi. La mtu mwingine msiniulize. Sisemi."

Davison akafungua kinywa.

"Nimesema sisemi," Matildah akamkata, akaenda kuchukua chisense zake.