Kanda ya Kuku na Sauti ya Mama

Nimewahi kuwa na nakala nne za filamu moja ya dakika ishirini, na watu wa nyumbani kwangu walishachoka kunicheka. Filamu yenyewe ni bubu, ya kuchekesha, ya zamani sana. Mpishi mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake ameajiriwa kwenye nyumba ya matajiri siku ya posa, anatakiwa achinje kuku, na kuku hataki. Basi. Kuku anakimbia nyumba nzima, mpishi nyuma yake, na mwisho wote wawili wanakaa kizingitini wanakula wali wa wageni. Ingekuwa ni filamu tu, nakala moja ingenitosha, na hata hiyo ningemgawia mtu.

Ya kwanza ilikuwa kanda ya deki. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na banda la video pale Nguvumali. Wakati ule banda lenye heshima zake lilikuwa na mtu wa kutafsiri: filamu inakwenda, yeye ameshika maikrofoni, anawaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Mjomba alikuwa hodari wa kutafsiri ngumi na mapenzi, lakini filamu isiyo na maneno ilimshinda. Alikaa nayo wiki nzima hana la kusema. Mama akamwambia ailete nyumbani.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo maandishi yaliyotokea katikati ya picha hakuyajali. Alimtazama mpishi mara moja akaamua kwamba huyu ni mtu wa kwao Moa, kaja mjini kutafuta kazi ya upishi na hata kusonga ugali hajui. Kuku akamfanya wifi. Wifi kapanda ngazi bila kuomba ruhusa, wifi kaingia chumbani kukagua shuka, wifi kakalia kitanda cha bibi harusi. Wanawake wa jirani walijaa sebuleni alasiri moja, mjomba akaunganisha maikrofoni kwenye deki, na sauti ya mama ikaingia kwenye kanda pamoja na vicheko vyao. Kanda ile ilizunguka mtaa mzima. Mtu akijifungua, walimpelekea uji wa pilipili manga na kanda ya mama.

Mama alifariki nikiwa masomoni Korogwe. Sikuwahi kumrekodi, simu yangu ya wakati ule ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, kwenye ile kanda. Baada ya arobaini nikamwomba mjomba anipe. Akanipa bila ubishi. Nikaiweka kwenye deki, nikakaa chini na kanga ya mama mapajani, nikasikia sauti ya mjomba.

Maneno yote yalikuwa ya mama. Wifi alikuwa wifi, Moa ilikuwa Moa, ila aliyesema alikuwa mwanamume mwenye kikohozi cha sigara. Nikamuuliza ya mama iko wapi.

"Ukungu umeila, mwanangu," akasema. "Hii ni kanda nyingine, nimeisemea upya ili hadithi isipotee."

Nikamshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru, na hilo liliniudhi kwa miaka mingi kuliko jambo jingine lolote.

Ya pili ilikuwa sidii aliyoitoa mjomba mwenyewe, sauti yake ileile, na kinanda amekitandika chini yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Picha ilikatwa vibaya kiasi kwamba viatu vya mpishi havionekani, na viatu ndiyo nusu ya kichekesho. Ya tatu ni DVD niliyoipata Horohoro kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka Mombasa. Hiyo ni safi. Mpishi anatembea kama binadamu. Kumbe kanda yetu ilikuwa inamkimbiza. Kuna polisi wa dakika mbili ambaye kwetu hakuwahi kufika. Na pale mama aliposema mpishi analia kwa kukumbuka kwao, maandishi yanasema ni kitunguu. Nilicheka peke yangu.

Ili nijue kanda yetu ilikatwa wapi, niliazima runinga ya jirani nikaziweka mbili sambamba, DVD huku, kanda kule. Ndipo nilipouona mstari. Mwaka mmoja kabla mama hajafariki, kanda ilinikwamia ndani ya deki, nikaivuta kwa pini ya nywele, ikajikunja. Tangu siku hiyo kuku akiruka kutoka kwenye sufuria, mstari mweupe ulipita kwenye picha. Na sasa ulikuwa unapita mbele ya macho yangu. Nikaitoa kanda, nikafungua kifuniko, nikaizungusha kwa kidole polepole. Mkunjo wenyewe ulikuwepo, mkunjo wa pini yangu. Haikuwa kanda nyingine. Ilikuwa ileile, nzima, haina ukungu hata wa kutafuta kwa tochi. Mjomba alikuwa amechukua sauti ya dada yake akaifuta, akaweka yake.

Sikumwambia kitu. Mimi nikikasirika sana huwa nanyamaza, na kwetu kunyamaza kunauma kuliko matusi. Kwa miaka sita alipata kwangu shikamoo na basi. Kwenye ndoa yangu nafasi yake nilimpa mtu mwingine, na waliouliza niliwaambia mjomba anaumwa. Alikuja hata hivyo, akakaa nyuma, akala pilau yake, akaondoka.

Mwaka huu nikampata fundi mjini ambaye deki yake bado ni nzima, nikampa ile kanda aihamishie kwenye flashi. Hata sijui kwa nini niliitunza. Nilipokwenda kuichukua akanivisha hedifoni.

"Dada, sikiliza. Humu mna mtu wa pili."

Nyuma ya sauti ya mjomba kulikuwa na mnong'ono. Ulitangulia maneno yake kidogo tu, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayemsaidia mtoto kusoma. "Sema wifi, usiseme kuku." Kisha kimya. Kisha: "Taratibu. Ngoja waone kwanza." Sehemu tatu, zote pamoja hazifiki nusu dakika. Alikuwa mama.

Niliketi kwenye kigoda cha yule fundi. Kwenye sidii kinanda kilikuwa kimeufunika mnong'ono huo. Mjomba hakumfuta mama akiwa kaburini. Mama alikuwa hai, amekaa pembeni yake, anamfundisha.

Mjomba siku hizi yuko Moa, analima mihogo. Siku ileile nikapanda gari, nikashuka njia panda, bodaboda ikanifikisha mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamvisha hedifoni za simu yangu bila maelezo. Alisikiliza hadi mwisho, akazivua.

"Ni yeye aliyetaka," akasema. "Alipoanza kuugua akanambia, kaka, sitaki nikishakufa niwe bado nachekesha watu mabarazani, nami siko. Ifute. Lakini hadithi akaionea uchungu. Siku nne ananifunza, neno kwa neno, na homa yake."

"Na ukungu?"

"Ukungu ni wake. Alinipa na maneno ya kukwambia."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

Mjomba akatazama mihogo yake. "Alisema wewe utatoa nakala uifiche. Akaniapisha nisikwambie."

Nilihisi hasira ikihama kutoka kwake na kukosa pa kukaa. Likizo ya mwisho nilimwomba mama tuitazame kanda, akasema deki mbovu, akanipakulia chakula. Alinitazama usoni akanidanganya, kisha akanisindikiza stendi. Nimelia sana juu ya kufariki kwake, lakini siku ile Moa nililia kwa jambo jingine. Alimwamini kaka yake, hakuniamini mimi.

"Sasa kama bado anasikika, amana yangu haijatimia," akasema mjomba. "Ifute, mwanangu. Kununa kwako nimekubeba miaka yote kwa ajili yake. Usifanye niwe nimekubeba bure."

Kanda nikamwachia. Flashi nikaichomeka kwenye simu mbele yake, nikamwonyesha filamu ilipo, nikabonyeza, ikatoweka. Akainua mikono akamwombea mama dua, nami nikaitikia amina. Kisha akanifunga mihogo kwenye kiroba, akaniita mwanangu mara tatu au nne, na nikamwona amepungukiwa na mzigo.

Sikumwambia kwamba fundi alinitolea flashi mbili. Nilimwomba mbili asubuhi ileile, kabla hata sijapanda gari la kwenda Moa, kabla sijajua nitaambiwa nini, na ya pili nilikuwa nimeshaificha.