Siku Nilipomkimbia Nge wa Angani

Aibu hii nimeikwepa miaka na miaka, na mke wangu akisikia naanza kuisimulia hutoka nje kwenda kucheka, lakini kwa kuwa leo mmenibana, haya, sikilizeni, ila msinikatize.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mimi kijana muuza nguo hapa Kasese, nikapata mchumba kule Bwera, Zaina, binti wa Mzee Hamisi mnunuzi wa kahawa (mtu mkali, akikohoa tu duka zima linanyamaza). Ndoa ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri. Sasa Alhamisi jioni baba mdogo Idi, ambaye alisomea mambo ya nyota kwa masheikh wa zamani, akaniita uani, akanyoosha kidole juu.

"Unaona ile nyota nyekundu? Ndio moyo wa Nge, lile kundi la nyota. Mkia wake ule pale, umejikunja. Na mwezi umekaa wapi?"

Mwezi ulikuwa umekaa ubavuni mwa ule moyo kabisa! Akanieleza kwamba watu wa kale waliujua huo mkia, wakakataza kuoa wala kusafiri mwezi ukiwa ndani ya Nge, maana chochote unachokianza wakati huo kitaumwa.

"Utatoka humo lini?"

"Kesho usiku. Jumamosi asubuhi uko salama."

Sikulala. Nimwambie Mzee Hamisi asogeze harusi kwa sababu ya nyota? Angenifukuza! Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo tu, nikamnong'oneza Sule, dereva wa lori letu, askari mstaafu, kwamba gari life njiani tufike kesho yake.

"Gari iko muzima. Inakufa namna gani?"

"Iue wewe."

Basi Ijumaa tukaondoka (safari isiyofika, nilijiambia, Nge hataihesabu), lori limejaa mashangazi, baba mdogo Idi, masufuria na mbuzi, na tulipopita Kikorongo, pale nyikani penyewe, Sule akasimama, akafungua boneti, akachomoa waya. Mimi na kanzu yangu nyeupe nikajifanya namsaidia (grisi mpaka kifuani), huku mashangazi wanauliza kila saa, "Bado?" Alasiri ikapita, magharibi ikapita, kisha kundi la tembo likatokea upande wa ziwani, linakuja taratibu, moja kwa moja kwetu.

"Sule, washa!"

Akawasha. Kimya. Akawasha tena.

"Bwana," akasema, sauti imebadilika, "sasa imekufa kweli."

Tukabanana juu ya lori bila kupumua, mbuzi amenikanyaga vidole, tembo wanapita karibu hata nasikia matumbo yao yakinguruma, na nilipoinua macho nimwombe Mungu, nani yuko juu ya kichwa changu? Nge mzima, na mwezi karibu na mkia wake!

Tembo walipokwisha kupita tukaona taa. Mzee Hamisi, na sheikh, na ndugu zake wawili, kwenye pikapu. Alishuka kabla haijasimama, akanikumbatia na grisi yangu yote, analia.

"Mukwe wangu! Tulisema muko maiti!"

Hapo ndipo nilipotamani tembo warudi. Kabla sijafungua mdomo, Sule akapiga saluti. "Mzee, gari haikukufa yenyewe. Bwana harusi alisema niiue."

Mashangazi wote wakanigeukia. Baba mdogo Idi akajifunika uso kwa kilemba. Nikaonyesha juu, nikaeleza kwa kigugumizi, na Mzee Hamisi akafuata kidole changu kwa macho.

"Na mutoto yangu iko nalia tangu jua inazama, sababu ya nge ya mbingu, hata kushuka kuuma mutu haiwezi?" Akamgeukia sheikh. "Sheikh, ozesha. Hapa hapa. Sasa."

Nikaozeshwa barabarani, mbele ya taa za pikapu, na niliposema "nimekubali" sauti haikutoka, sheikh akaniambia, "Sema tena, mashahidi hawakusikia."

Tulifika Bwera alfajiri, tumevutwa kwa kamba. Zaina alikuwa amevimba macho, na baba yake akamweleza yote kabla sijashuka. Akaniangalia kanzu, akaniangalia uso, akasema, "Ungeniambia mimi. Ningesema naumwa tumbo, tungeahirisha."

Tangu siku ile, likinitia hofu jambo lolote, la mbinguni au la duniani, namwambia yeye kwanza, dereva baadaye.